SAMADI YETU ISIPANDE FUSO

Mliokwisha kujua kusoma msiondoke na habari hizi peke yenu, someni kwa sauti ili wasikie na wenzetu ambao bado wako ukurasa wa kwanza wa kisomo. Sisi tunaoandika tulijifunzia kusoma katika darasa la jioni tukiwa watu wazima wenye ndevu na watoto, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuona haya mbele ya ubao huu.

Wote mmeiona Fuso iliyosimama barabarani juma lililopita. Ilikuja tupu ikaondoka imejaa samadi. Jamaa wale ni watu wazuri tu, walisalimia vizuri, walilipa pesa taslimu, na waliahidi kurudi kila mwezi. Wanachama watano walipakia. Tangu siku hiyo maneno ni mengi, wengine wanasema hii ni neema, mavi yaliyokuwa yanatupigia harufu sasa yanalipa, wengine wananuna. Jumamosi hii kuna mkutano mkuu na jambo hili limo katika ajenda. Kabla ya kufika huko tumeona tutoe maoni yetu hapa ukutani, yasomwe kwa utulivu, maana mkutanoni mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika.

Maoni yetu ni kwamba samadi isitoke kijijini. Hata gunia moja.

Hebu tuanze na hesabu, ile tuliyoifanya darasani Jumanne. Tulichukua ng'ombe mmoja wa maziwa anayelishwa bandani, tukasema kwa siku anatoa kilo 15 za mavi mabichi. Wataalamu wanasema akishiba vizuri anaweza kufika 20, lakini sisi tunawajua ng'ombe wetu na majani tunayowapa, tukabaki na 15. Kwa mwaka ni kilo 5,475. Mavi yakioza yanapungua sana, tukasema ibaki nusu, yaani kilo 2,700 na ushee. Sasa shina moja la mgomba tukilipa madebe mawili kwa mwaka, kila debe kilo 15, ni kilo 30. Gawanya. Unapata mashina 90 au 91. Basi! Ng'ombe mmoja mwaka mzima anatosha mashina 90. Na eka moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu ina mashina kama 450. Maana yake ukiwa na ng'ombe mmoja na kibanja cha eka moja, kila shina linapata samadi mara moja katika miaka mitano.

Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, akaangalia ubao akasema, "Kumbe hakuna mwenye samadi ya ziada!" Hakuna. Kati yetu ni nani mwenye ng'ombe watano? Watu wawili, na hao wawili wana vibanja vikubwa kuliko eka moja. Na ile Fuso, kama inabeba tani saba, imebeba kazi ya ng'ombe mmoja ya zaidi ya miaka miwili na nusu. Ilipakiwa asubuhi moja.

Mtu atasema mbolea ya viwandani ipo. Ipo, na hatuikatai. Mwaka 2022 bei yake ilipopanda dunia nzima Serikali iliweka ruzuku, na wenzetu wa mahindi walishukuru. Lakini udongo wetu huu wa ukanda wa ziwa tunaujua. Mvua ya Bukoba ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wenyewe asili yake ni mwamba wa mchanga, mvua inauosha kila siku. Ukiweka mbolea ya chumvi peke yake katika udongo usio na kitu cha kuishikilia, mvua tatu tu imekwenda ziwani kuwalisha samaki. Samadi inaleta chakula cha mgomba na wakati huohuo inaujenga udongo, unashika maji, unashika na hiyo mbolea ya dukani kama unayo. Anayetaka kutumia zote mbili afanye hivyo, ndiyo kilimo. Kuuza ya kwanza ili ununue ya pili ni kujidanganya.

Vijana wengi hawaelewi jambo moja, nao tusiwalaumu maana hawakuambiwa. Wanadhani kibanja ni udongo mzuri ambao babu aliukuta. Sivyo. Nenda pale kibanja kinapoishia rweya inapoanza, chimba shimo huku na chimba huko, ulinganishe. Huku udongo mweusi, laini, una minyoo. Huko ni mwekundu au wa kijivu, mgumu, mkali. Ni ardhi ileile na mvua ileile. Tofauti ni kazi ya watu na ng'ombe. Ng'ombe walikwenda rweya asubuhi wakala nyasi, jioni wakarudi na hiyo rweya matumboni mwao wakaiacha nyumbani. Wanawake wakakata nyasi za rweya wakatandaza chini ya migomba na mibuni. Majivu, maganda, maganda ya kahawa, kila kitu kikarudi shinani. Miaka mia, miaka mia mbili. Kibanja ni mali iliyojengwa kama nyumba, ila inajengwa kwa mavi.

Na inabomoka pia. Wazee wetu walilijua hilo kwa uchungu. Miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki ikafagia ng'ombe, mwenye mia akabaki na wachache au bila hata mmoja. Ugonjwa huo sasa haupo tena duniani, mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umekwisha kabisa. Lakini vibanja vilivyokosa ng'ombe vilianza kurudi nyuma, na kwa lugha yetu ya nyumbani tuna neno lake, kikamba, shamba lililokuwa kibanja likachoka, migomba ikakonda, likabaki la mihogo na mahindi ya kubahatisha. Kila mmoja wetu anaweza kuonyesha kwa kidole kikamba cha fulani. Hatutataja.

Tofauti ya sotoka na Fuso ni kwamba sotoka hatukuialika.

Kwa upande wa rweya nako mambo yamebadilika. Zamani ilikuwa ya wote, unachunga, unakata nyasi za kutandaza na za kuezekea, unalima omusiri wako wa njugu mawe, msimu ukifika unakamata senene. Leo sehemu kubwa ina wenyewe, ina mikaratusi na mipaina, na mji nao unatusogelea na matofali yake. Miti ni mali, hatusemi ing'olewe, wengine wetu tumepanda na tumejengea watoto kwa hiyo miti. Lakini chini ya mikaratusi ng'ombe hali kitu na mwenye jembe hakati nyasi. Ile njia ya zamani ya kuleta rutuba nyumbani kutoka nje imezibika karibu yote. Iliyobaki ni hii ya bandani. Ndiyo maana tunasema sasa, wakati rweya imekwisha, kuuza samadi ni hatari zaidi kuliko ingekuwa wakati wa baba zetu.

Halafu kumbukeni, kibanja tayari kinauza kila wiki. Kila mkungu unaopanda gari au meli kwenda Mwanza na kwingineko umebeba sehemu ya udongo wetu ndani yake. Zamani ndizi ililiwa hapahapa, maganda yakatupwa hapahapa. Siku hizi maganda yetu yanatupwa majalalani Mwanza. Hilo hatuwezi kulizuia, watu wanahitaji fedha na Mwanza wanahitaji ndizi. Lakini mtu anayeuza ndizi, na nyasi, na samadi pia, anauza shamba polepole bila hati.

Kuna wanaotegemea mbegu mpya. Hizi tunazoziita Fia zilienezwa mkoani kwetu kati ya 1997 na 2002 kwa mradi uliosaidiwa na Ubelgiji, na ni kweli zilituokoa, mikungu mingine mtu mmoja haibebi. Kuhusu utamu wake tusibishane hapa ukutani, kila nyumba ina jikoni yake. Tunachosema ni kwamba nayo inakula. Mgomba mkubwa unakula zaidi, haujashuka kutoka mbinguni na chakula chake.

Sasa tuje kwenye chakula cha watu. Wazee kati yenu mnakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu wakikaa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Sisi tulikuwa wadogo, tunakumbuka kusimuliwa tu. Ingefaa irudiwe, maana utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba hapa Kagera karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu walio chini ya miaka mitano amedumaa. Mkoa wa ndizi! Mkoa wa ziwa! Mgeni akipita barabarani anaona kijani kila mahali anasema hawa watu wameshiba. Ndiyo, tumeshiba, tumbo limejaa ndizi, lakini mtoto mdogo hakui kwa ndizi peke yake. Anataka maharage, dagaa, yai, mboga, maziwa. Na maziwa ya kijiji hiki yanapanda baiskeli saa kumi na mbili asubuhi kwenda mjini kabla mtoto hajaamka. Hatusemi yasiuzwe. Tunasema kikombe kimoja cha mtoto kitolewe kabla ya kidumu kufungwa. Akina mama wanaokamua wanalijua hili kuliko sisi, tatizo ni akina baba wanaohesabu lita.

Darasani kijana mmoja alituuliza, eti redio inasema ng'ombe wanaharibu hali ya hewa kwa gesi wanayocheua, je tunafuga dhambi? Swali zuri, tusilicheke. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo yote duniani inachangia asilimia 14.5 ya hewa chafu inayotokana na shughuli za watu. Hiyo ni mifugo yote, na mashamba makubwa ya nchi tajiri yenye maelfu ya ng'ombe yamo humo. Sisi wenye mmoja mmoja fungu letu ni dogo, lakini tusijifanye hatumo. Jibu letu kwa kijana ni hili: ng'ombe aliyekonda anacheua gesi kila siku na hakupi maziwa, aliyelishwa vizuri anacheua naye lakini unapata lita. Afadhali mmoja aliyeshiba kuliko watatu wa kuhesabiwa. Na kulisha vizuri maana yake mabingobingo, majani ya guatemala kingoni mwa shamba, lusina, kilo 40 na zaidi za majani mabichi kwa siku, na maji ndoo mbili tatu. Hapo ndipo tabu ilipo, maana hizo ndoo anabeba nani? Mara nyingi mama na mtoto wa shule. Mwenye ng'ombe anayekaa kijiweni huku mke akibeba majani asijiite mfugaji, ni mmiliki.

Tumefika mahali pagumu.

Mnajua ng'ombe wa ushirika wetu wanazunguka. Utaratibu huu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe si wetu wa kubuni, mkoani hapa ulianza kusikika zamani, enzi za mradi wa KALIDEP uliosaidiwa na Uholanzi, na wengine waliupata kupitia mashirika mengine. Unapewa mtamba, unamtunza, ndama jike wa kwanza unamlipa kwa mwenzako anayefuata. Kwa kweli hata wazee walikuwa na namna yao, mwenye ng'ombe wengi akimweka mmoja kwa jirani, jirani akapata maziwa na mavi, mwenye mali akabaki na ng'ombe wake na heshima yake. Ushirika uliupokea utaratibu huu kwa moyo mmoja na kamati ikafungua daftari, nani amepokea, lini amezaa, nani anafuata. Daftari analitunza katibu.

Tarehe 10 Septemba 2016 mmeisahau? Haiwezekani. Tetemeko lile liliua watu na kuangusha nyumba nyingi Bukoba, na nyumba ya katibu ilikuwa mojawapo, ukuta wa upande wa jua ulilala chini. Wakati huo tulikuwa na ndama jike wa miezi minane. Alikuwa ndama wa kwanza. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane, jirani yetu, hatutamtaja jina hapa ingawa wengi mtamjua. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na sisi tunalala chini ya turubai. Alikuja mnunuzi, tukauza. Kisha tukafungua daftari, na kwa mkono huuhuu unaoandika gazeti hili tukaandika: ndama amekufa, ndigana kali.

Na tunaposema sisi katika habari hii hatumaanishi kijiji wala kamati. Ni sisi wa nyumba ya katibu. Mke wetu alikataa, alisema heri turubai. Hakusikilizwa.

Ugonjwa tuliochagua kuandika ulikuwa rahisi kuaminika, maana ndigana kali inaua kweli ng'ombe hawa wa kisasa, kila mmoja hapa amewahi kufiwa au kuona. Hakuna aliyeuliza. Kamati ilitupa pole. Yule mama alikuja nyumbani akatupa pole, akatuletea mkungu.

Ng'ombe wetu hakupata tena jike kwa muda, alizaa madume mawili, halafu akatoa mimba. Zamu ikapita kwa watu wengine kutoka kwa ng'ombe wengine, na yule mama akaachwa nyuma kwa sababu daftari lilisema amekwisha pangiwa ndama wa katibu na bahati mbaya akafa. Miaka imepita. Kibanja chake tunakipita kila siku tukienda kisimani. Mwanzoni tuliona mikungu inapungua vichane, kutoka vinane hadi sita, hadi vinne. Halafu fukusi wakaingia, migomba ikaanza kuanguka kwa upepo mdogo. Sasa nusu ya kibanja ni kikamba. Anapanda mihogo humo. Anaishi na wajukuu watatu, na mwaka jana tulimkuta dukani ananunua unga wa sembe nusu kilo. Mwenye kibanja, ndugu zangu, ananunua unga. Mwisho wake tunaujua, mtu wa mjini atakuja kumwambia, bibi, hapa hapazai tena, niuzie kiwanja.

Hatukumnyang'anya ndama peke yake. Tukirudi kwenye hesabu yetu ya Jumanne, ni mashina 90 kwa mwaka, na maziwa ya wale watoto. Pale ubaoni, wakati wanafunzi wanagawanya 2,700 kwa 30, sisi tulikuwa tunafanya hesabu nyingine kichwani, na ndiyo maana darasa lilikwisha mapema siku ile. Mtusamehe, hatukuwa na homa.

Sasa mtasema katibu ana haki gani ya kutuambia tusiuze samadi. Swali ni halali. Lakini tunaona ni jambo moja. Tulipouza ndama tulisema shida ni shida, nyumba imeanguka, nani atatulaumu. Aliyepakia Fuso juma lililopita naye alikuwa na shida, tunawajua wote watano, mmoja ana mgonjwa hospitali, mwingine ana kijana anayekwenda chuo. Hakuna aliyeuza kwa ulevi. Shida ikija inachukua kile kilicho karibu na mlango, na kwetu sisi kilicho karibu na mlango ni banda. Kwa hiyo mkutano ukisema tu "ni marufuku" na kupiga makofi, tutakuwa tumepoteza siku, maana mwenye mgonjwa atapakia usiku.

Tunashauri hivi. Mwenye ng'ombe akiwa na shida ya fedha auze samadi kwa ushirika, kwa bei ileile ya Fuso, kutoka katika mfuko wetu wa akiba na mikopo, na ushirika uipeleke kwa mwanachama asiye na ng'ombe, ambaye atalipa kidogo kidogo wakati wa kahawa au kwa mikungu. Tunajua mweka hazina atasema mfuko ni mdogo. Ni mdogo kweli. Basi na wale wasio na fedha wala ng'ombe walete nyasi. Mizigo miwili ya mabingobingo kwa debe moja la samadi, au vyovyote mtakavyopatana, mwenye ng'ombe atapunguziwa kazi ya majani na mwenye kikamba atapata mbolea bila kushika shilingi. Kazi kwa kazi. Hii ndiyo tunaipenda kuliko ile ya fedha, ingawa tunajua wengi mtapenda ile ya fedha.

Jambo moja la tahadhari hapo. Mnyauko wa migomba ulituingilia mkoani kuanzia kule Muleba miaka ya 2005 na 2006 na mpaka leo haujatuacha. Tukianza kubebeana majani ya ng'ombe, mtu asikate mgomba wa shamba lenye ugonjwa akaupeleka banda la mwenzake, wala asitumie panga lililotoka kukata mgonjwa bila kulipitisha motoni au kulisafisha kwa jiki. Maua dume yavunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotoka, si kwa panga. Haya bwana shamba ameyasema mara nyingi, tunayarudia kwa sababu bado tunaona mapanga.

Na samadi yenyewe tuitunze. Tumepita mabanda kumi na mawili, matatu tu yana shimo lililofunikwa. Kwingine lundo liko juani mchana na kwenye mvua usiku, maji ya kahawia yanateremka barabarani, na hayo maji ya kahawia ndiyo mbolea, linalobaki ni makapi. Mkojo nao unapotea wote. Chimba shimo, elekeza mfereji wa mkojo humo, funika kwa majani ya migomba au kibanda cha nyasi, acha miezi miwili mitatu ioze, kisha weka kwa kuzunguka shina, mbali kidogo, usiirundike pale pale mguuni mwa mgomba. Anayepoteza nusu ya samadi kwa mvua hana tofauti kubwa na aliyepakia Fuso, tena yeye hata hakulipwa.

Kuhusu daftari. Ukurasa wa mwaka 2016 tumeuacha kama ulivyo, hatukuufuta, ila chini yake tumeandika kweli kwa wino mwekundu na kutia sahihi. Mwenyekiti wa ushirika amekwisha kuona. Ng'ombe wetu alizaa jike mwaka jana, sasa ana miezi kumi na minne, amechanjwa ndigana kali, na afisa mifugo amemkagua. Kesho kutwa Ijumaa asubuhi tutampeleka kwa yule mama pamoja na mzigo wa majani na madebe kumi ya samadi iliyooza, ili shina la kwanza lisisubiri. Tulikwenda kumwambia kabla ya kubandika gazeti hili, si haki asome habari yake ukutani. Tulikaa naye sebuleni muda mrefu. Alisema, "Waitu, mimi ule mkungu nilikuleteeni nikiwalilia." Hakusema kingine, na hatukujua la kujibu.

Kama mkutano utaona daftari litunzwe na mtu mwingine tutalikabidhi siku hiyohiyo, na funguo za kabati tunazo mfukoni. Tunapendekeza safari hii litunzwe na wawili, mmoja wao mwanamke, na kila kifo cha ndama kishuhudiwe na wajumbe kabla ya kuandikwa. Fuso imesema itarudi mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo tuwe tumekwisha amua.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi kwenye ofisi ya ushirika, mvua ikinyesha tutahamia darasani. Wenye ng'ombe waje na wasio na ng'ombe waje, na akina mama wasiachwe kukamua peke yao, ng'ombe wakamuliwe mapema. Wanafunzi wa kisomo waje na madaftari, tutahitaji watu wa kuhesabu kura.

Ni sisi,
Katibu wa Tawi, Kashai